Kumrudisha Mwanamke wa Mtongwe

Tangu nirudi, sijaweza kwenda kununua samaki Likoni bila kusimamishwa. "Saumu, ni kweli ulikamatwa Nairobi na kichwa cha mtu?" "Saumu, ni kweli sikio lilipanda treni peke yake?" Kila mmoja kasikia kipande chake, na kila kipande kimetiwa chumvi na ndimu njiani. Mashoga zangu wa darsa la Alhamisi ndio walionishika: kaa uandike, utusomee mara moja, tukome kukusumbua. Basi haya. Ni kweli polisi walinisimamisha, na ni kweli sikio lilipanda treni peke yake. Lakini nimerudi salama, alhamdulillahi, na jambo lililoninyima raha mwaka na nusu limekwisha. Nilipoanza kuandika mkono ulikuwa mwepesi hata mwenyewe nikashangaa.

Kabla ya kutoka Mtongwe

Mnanijua kwa kushona, lakini mnajua pia kwamba nikigongewa mlango alfajiri si kwa ajili ya sindano. Ninaosha maiti wa kike. Kazi hii nilifundishwa na shangazi yangu, na sasa ni miaka ishirini. Kwa hiyo mafundi walipokuwa wakichimba msingi wa chumba kipya cha Mama, wakakuta mifupa ya mtu chini ya mawe, hawakumwita chifu wala askari. Waliniita mimi.

Nilishuka shimoni. Alikuwa amelazwa ubavu, ameelekea kibla, na nyonga zake zilikuwa za mwanamke. Nyonga za wanawake nimezishika za kutosha. Nikafanya niliyofunzwa. Nikachemsha maji yakawa vuguvugu, nikaponda majani ya mkunazi, nikamwosha mfupa mmoja mmoja, nikamtia kafuri na kumkunja ndani ya sanda. Tulikuwa tumzike siku ile ile.

Ami Athumani, ndugu wa marehemu baba, ndiye aliyezuia. Ami ana daftari la nasaba lililokatika kurasa, na kila harusi lazima atukumbushe kwamba sisi ni Washirazi, wazee wetu walitoka Uajemi. Mama yangu, Bi Mejumaa, ni Mdigo wa hapa hapa, watu wa minazi na mihogo, na jawabu lake ni moja tangu aolewe: "Na mlipofika, shamba mlilikuta kwa nani?" Sasa Ami aliona shahidi wake kapatikana. Akawapigia simu watu wa makumbusho. Wakaja, wakatuchukua mate sisi watatu kwa vijiti vya pamba, wakasema mifupa itapimwa na kurudishwa baada ya miezi mitatu.

Mama alikataa. Kwetu maiti hacheleweshwi, seuze kupelekwa bara. Lakini kiwanja nimeandikishwa mimi, na wageni walingoja neno langu. Nami, sijui ni kumwonea haya Ami au ni udadisi wangu, nikasema: wachukueni.

Miezi mitatu ikawa kumi na minane. Chumba kikajengwa kikapakwa rangi, Mama hakuingia. Aliendelea kulala sebuleni. Alinunua jiko lake dogo akajipikia mwenyewe, na mimi niko pale pale naangalia. Nikimwamkia aliitikia "marahaba" na kunyamaza. Siku moja tu alisema kwa kirefu: "Umemtoa mtu kaburini mwake ukampa watu. Siku utakayomlaza tena, siku hiyo ndipo utakapokuwa na radhi yangu." Asiyejua uzito wa neno hilo, mamake hajawahi kumkasirikia.

Kisha mwezi uliopita akapiga simu daktari wa mifupa, mwanamke aitwaye Nekesa. Akasema kazi imekwisha, nije mwenyewe nimchukue, na kuna jambo ataniuliza uso kwa uso.

Mtongwe hadi Nairobi

Nilitoka asubuhi na sanduku la bati la mwanangu, lile alilokuwa akienda nalo shule ya bweni. Ndani niliweka sanda mpya, kafuri na chupa ya marashi. Mama alikuwa uani anachambua mchicha. Zamani nisingetoka nyumba ile bila mahamri ya kula njiani, hata nikienda Kisauni tu. Siku ile alitazama sanduku, akatazama mchicha wake. Nilitoka bila hamri hata moja, nikalia kidogo ndani ya gari la jirani mpaka tulipovuka Dongo Kundu, kisha nikajifuta kwa sababu Miritini si mbali na sikutaka kuingia stesheni na uso umevimba.

Kwenye treni niliketi na bwana mmoja wa Meru, mcheshi, aliyekuwa ameleta miraa Changamwe na sasa anarudi kwake. Tulipofika Voi alikuwa amenikatia chapati yake nusu na kunionyesha picha za wajukuu. Akauliza, "Na wewe mama, unafanyanga kazi gani huko Mombasa?"

Nikasahau kusema ushonaji. "Naosha maiti."

Akaacha kutafuna. Akatazama nusu ya chapati mkononi mwangu, ile aliyonipa kwa vidole vilivyogusana na vyangu. Kabla ya Mtito Andei alikuwa amekumbuka kwamba ana rafiki behewa la nyuma. Sikumlaumu. Wahenga walisema mwosha huoshwa, lakini hawakusema kama atapata wa kukaa naye treni. Nikamaliza chapati, ilikuwa nzuri, nikanyoosha miguu kwenye kiti chake.

Nairobi, chumba cha mifupa

Baridi ya Nairobi ilinikuta na buibui na kanga mbili tu. Daktari Nekesa alikuja kunipokea mwenyewe. Nilitegemea mtu wa makamo mwenye miwani. Kumbe ni mtoto wa Bungoma, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alinipeleka kwake, akanipa sweta, akanipikia ugali na kuku. Nililala kama gogo. Asubuhi tukaenda kazini kwake.

Kabla ya kuingia chumbani alinivalisha joho jeupe, kofia, barakoa na glavu mbili kwa kila mkono. Nikamwambia sisi pia hujifunika, kwa heshima ya maiti.

"Sisi tunavaa ndio tusimchafue," akasema.

"Kumchafua? Huyu ni twahara. Nimemtwaharisha mwenyewe."

Daktari akasimama mlango ukiwa nusu. "Mama Saumu, ngoja. Hiyo ndiyo kitu nilitaka kukuuliza. Hii mifupa mliigusa na mikono?"

"Kuigusa? Niliiosha."

"Kuiosha aje?"

Nikamweleza yote: maji vuguvugu, mkunazi, mara tatu, kila mfupa, kuanzia kulia. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyoteremka, mpaka akawa ameketi kwenye ngazi na glavu zake. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Ikawa hivi. Ndani ya mifupa yetu, hata ya kale, hubaki chembe za vinasaba, yaani kama maandishi madogo sana ya nani alimzaa nani. Walipotoboa jino na mfupa wa paja wakapeleka ng'ambo kusomwa, yakaja majibu ya mwanamke aliye hai. Wakadhani wameharibu wao. Wakasafisha mashine, wakarudia. Akaja yule yule. Wakabadilisha maabara, yule yule. Miezi ikapita wakitafutana makosa, mpaka mtu akafikiria kulinganisha na mate waliyotuchukua Mtongwe. Mwanamke yule alikuwa mimi. Mikono yangu ilikuwa imemwenea maiti wa watu kutoka utosini hadi kwenye nyayo.

"Kwa nini hukutuambia?" Daktari akauliza.

"Hamkuniuliza. Na nani anauliza kama maiti ameoshwa? Kwenu mnazika bila kuosha?"

Nilicheka naye, lakini moyoni nilipatwa na fadhaa. Mwaka na nusu nilikuwa nawalaumu watu wa makumbusho kwa uzembe, nikiwasema mbele ya Mama nijisafishe. Kumbe aliyemchelewesha maiti ni mimi. Nikamuuliza, basi nimeharibu kila kitu?

Ndipo akanionyesha kichupa. Ndani mlikuwa na mfupa mdogo, haufiki kunazi mbili, umetobolewa tundu. Ni mfupa wa ndani ya sikio. Akasema hakuna mfupa mgumu kuushinda mwilini. Maji yangu na mikono yangu haikufika ndani yake. Walipotoboa huo, ndipo mwenyewe akajitokeza, safi, peke yake.

Akaniambia waliyoyasoma. Tuna uzi mmoja tunaopewa na mama peke yake, naye kapewa na mama yake, kurudi nyuma na nyuma. Uzi wa mwanamke huyu ni wa Afrika, hauna ugeni. Lakini katika maandishi yake mengine mlikuwa na damu ya watu wa upande wa Uajemi, aliyopewa na baba, au babu wa babu, huko nyuma. Na hakuwa peke yake: mifupa ya miji ya kale ya pwani yetu imesema karibu maneno hayo hayo, kwamba wageni wengi walikuwa wanaume na mabibi wengi walikuwa wenyeji.

"Kwa hiyo Ami hakusema uongo," nikasema.

"Hakusema."

"Na Mama naye: shamba walilikuta na mwenyewe."

"Alikuwa ndani yake," akasema Daktari, na nikampenda kuanzia hapo.

Nikataka kujua kama huyu ni bibi yetu. Akakataa kusema la kunifurahisha tu. Alisema uzi wake na wangu unafanana, lakini wanawake wengi wa pwani na bara wana uzi kama huo, yeye mwenyewe wa Bungoma hauko mbali sana. Kwenye meza nyingine palikuwa na mafuvu ya plasta, mengine paji limetoka kama ukingo wa dirisha. Akasema zamani wataalamu walidhani binadamu tulianzia mahali pamoja, kama mbegu iliyopandwa shamba moja. Sasa mifupa na vinasaba vinaonyesha watu walikuwa makundi makundi Afrika nzima, wakatengana, wakakutana, wakaoana, wakatengana tena. Nikamwambia hiyo ni Likoni, hakuhitaji kuchimba.

Halafu akanieleza habari ya mtoto. Kule Kilifi, ndani ya pango, wachimbaji walimkuta mtoto wa miaka miwili mitatu aliyezikwa zaidi ya miaka elfu sabini iliyopita. Amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na mifupa ilivyokaa inaonyesha alikuwa amefungwa ndani ya kitu, ngozi au majani, na kichwa kimewekwa juu ya mto. Mto wenyewe umeoza, kichwa kimeanguka kidogo pale ulipokuwa.

Nikaketi. Watoto nimewaosha, na mnajua kwamba hao siwezi kuwasimulia. Yule aliyemwekea mto, sijui alikuwa na lugha gani, sijui alimwomba nani. Lakini mikono yake naijua. Aliinua kichwa kwa kiganja cha kushoto, akasukuma mto kwa kulia, akashusha taratibu kana kwamba mtoto angeamka. Nilimlilia mtoto wa miaka elfu sabini kwenye barakoa ya watu, na Daktari akaniacha nilie.

Kisha nikafanya kazi iliyonileta. Nikamkunja mwanamke wetu kwenye sanda mpya, safari hii na glavu kwa kumridhisha Daktari, nikamtia kafuri na marashi na kumpanga ndani ya sanduku. Kichupa cha sikio nikakifunga kwenye leso yangu nikakiweka juu.

Stesheni, mbele ya mashine

Treni ilikuwa ya mchana. Kule stesheni mizigo hupangwa mstari, mbwa anapita kunusa. Mbwa alipofika kwangu akapiga chafya tatu akagoma kuendelea, kwa ile kafuri. Askari wakacheka. Walipoingiza sanduku kwenye mashine ya kumulika hawakucheka tena. Kijana wa kwenye kioo aliruka akasimama. "Kichwa! Kuna kichwa ya mtu hapa!"

Foleni yote ilirudi nyuma. Mwanamke mmoja akasema "mchawi" kwa sauti ambayo hakukusudia iwe kubwa. Nikaingizwa kwenye kichumba, sanduku mezani. Barua ya Daktari ninayo, nikaitoa. Wakaisoma wakasema barua yoyote mtu anaweza kuandika. Wakampigia Daktari, simu haipatikani, kwa sababu ndani ya chumba chake cha mifupa simu haziingii. Wakafungua sanduku wakaanza kutoa kitu kimoja kimoja, na mimi naomba, taratibu, taratibu jamani.

Akaingia askari wa kike, jina lake Wakesho, mtu wa Taita. Aliangalia sanda. Akauliza swali ambalo wenzake hawakuwa wamelifikiria: "Mama, unampeleka wapi?"

"Kwao. Mtongwe. Kumzika."

Akawageukia wenzake. "Kwetu wazee wa zamani mafuvu yao yaliwekwa pangoni, yamepangwa vizuri. Babu alinipeleka nikiwa mdogo, nikawasalimia. Hakuna mtu aliitwa mchawi. Mtu akibeba wake hivi, na sanda na manukato, huyo si mwizi."

Walimngoja Daktari mpaka akapatikana, na treni haikutungoja. Wakesho mwenyewe ndiye aliyenisaidia kurudisha vitu sandukuni. Tukapeana namba, nikarudi kulala kwa Daktari, na asubuhi nikakata shauri kwenda kwa basi. Mashine sikuitaka tena.

Nairobi hadi Makinoni

Utingo alitaka kutia sanduku kwenye buti. Nikamwambia huyu hakai buti. Akasema "huyu nani?" nikalipakata magotini. Jirani yangu alikuwa mama wa Voi mwenye kikapu cha ndizi, na kila akila moja alinipa moja bila kuniuliza habari zangu, mola amlipe.

Simu yangu ilikuwa imekufa chaji tangu alfajiri. Tuliposimama Mtito Andei kula, nikafungua kifuniko kidogo nimwangalie. Sanda ipo. Leso haipo. Nikapekua pembeni, chini, kwenye mkoba, kwenye mikunjo ya buibui. Kichupa cha sikio hakipo.

Siwezi kueleza vizuri saa mbili zilizofuata. Nilijua kilipobaki: mezani kwa polisi. Nikajiona nafika nyumbani, Mama anauliza, "Yuko mzima?" nami najibu nini? Mfupa ule ndio pekee ambao sikuwa nimeuharibu mimi, na ndio niliousahau. Namba ya Wakesho imo kwenye simu, simu imekufa. Mama wa Voi alishuka kwao, akaniachia ndizi tatu, sikuweza kula hata moja.

Basi nalo likachoka. Lilitoa moshi tukiwa Makinoni, karibu na ule msikiti wenye kaburi ambapo madereva husimama kuomba salama. Utingo akasema kwa nguvu tusikie wote, "Mi nilijua tu. Ni hilo sanduku." Macho yote yakaja kwangu. Dereva wa lori la makontena lililotoka Kipevu alikuwa amesimama hapo kuswali, mtu wa Changamwe kwa lafudhi yake. Akaja kutusaidia na dumu la maji. Akauliza, "Kwani sandukuni muna nini, dadangu?"

Nilikuwa nimechoka kuficha. "Ni mama yetu wa zamani. Nampeleka kwao nikamzike."

Akavua kofia. Akasimama mbele ya sanduku akamsomea Fatiha, na wawili watatu wakaitikia amin, hata kijana mmoja mwenye msalaba shingoni. Utingo akaenda kuangalia injini. Dereva wa lori akanichukua hadi kibandani palipo na umeme, akaniombea chaja.

Simu ilipowaka tu, ikalia.

"Mama Saumu!" Alikuwa Wakesho. "Nimekutafuta tangu asubuhi! Umesahau kitu yako kwa meza."

"Ushakiona? Wallahi ushakiona?"

"Nimekifunga vizuri, nimempa dada anahudumia treni ya asubuhi. Atakungoja Miritini. Usijali."

Nilikaa chini kwenye kokoto. Kabla sijamaliza kumshukuru, nikasikia mngurumo. Reli inapita pale, juu ya tuta. Treni ya asubuhi ikatokea, ndefu, inakwenda pwani, na ndani yake sikio la mwanamke wetu limekaa kiti cha mhudumu, sisi wengine tuko barabarani na maji ya rejeta. Nikaipungia mkono mpaka behewa la mwisho. Dereva wa lori akaniuliza nampungia nani, nikamwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta wa kibanda. Nami nikacheka, nikala ndizi zote tatu.

Miritini hadi nyumbani

Jua lilikuwa linataka kuzama basi lililokwisha kutengenezwa liliponishusha Miritini. Yule dada wa treni alikuwa ameshamaliza zamu yake, ameketi benchi na sare yake, leso yangu mapajani. Alikuwa amenisubiri zaidi ya saa tatu. Nikamkumbatia, simjui jina mpaka leo.

Mama alikuwa uani. Nikaweka sanduku mbele yake kwenye jamvi, nikamwamkia.

"Marahaba. Yuko mzima?"

"Yuko mzima, Mama. Ila sikio lina tundu, walitoboa." Na kabla hofu haijanirudisha nyuma nikasema yaliyobaki: "Na aliyemchelewesha ni mimi. Mikono yangu ndiyo iliyowachanganya. Wao walikuwa wanakutana na mimi kila wakipima."

"Mwaka na nusu wote, wamtafuta maiti, wakuona wewe?"

"Naam, Mama."

Mdomo wake ukacheza, akauzuia kwa upindo wa kanga, lakini mabega yalimsaliti. Usiku ule tuliliingiza sanduku ndani. Alilala karibu na sanduku, huko huko sebuleni.

Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri, pembeni ya kiwanja, nyuma ya chumba kipya. Wanaume walikuwa kaburini, sisi wanawake chumbani. Mama aliingia chumba kile kwa mara ya kwanza ili awe karibu na dirisha. Nilikuwa nimempasha Ami habari zote, na alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Kaburi lilipokwisha kufukiwa akaanza talkini, yale maneno ya mwisho ambayo maiti husomewa. Akakatika. Maiti huitwa kwa jina la mama yake, si la baba, na Ami hakuwa nalo. Tulimsikia akipindua kurasa za daftari la nasaba. Mle ndani mna masultani na masharifu, lakini hakuna hata mwanamke mmoja.

"Bi Mejumaa," akaita kupitia dirishani, kwa unyonge ambao sijapata kuusikia kwake, "huyu aitwe binti nani?"

Mama akasogea dirishani. "Asiyejulikana mamake huitwa binti Hawa, Athumani. Wewe wajua. Mwite hivyo. Sote tutafika huko."

Akamwita hivyo. "Ewe mja wa Mwenyezi Mungu, binti Hawa." Talkini ikaendelea, na kila alipomwita nilihisi nami napunguziwa mzigo kifuani.

Mama alikaa kitandani, kitanda chake kipya ambacho kilikuwa bado na karatasi za dukani. "Saumu."

"Abee, Mama."

"Radhi yangu unayo. Ilikuwa yako siku zote, nilikuwa nimeishika tu." Akanivuta mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaiangalia kama anayekagua mchele. "Na mimi siku yangu ikifika, wasije wakaleta mtu na maglavu. Unioshe wewe, kwa mikono hii hii. Nataka nami wakinipima, wakuone wewe."